Barua ya wazi kwa wenye funguo za ukumbi: njooni mtusikie kabla ya kutufukuza

Kwa waheshimiwa viongozi mnaosimamia sanaa, vibali na kumbi za umma katika mji wetu,
Tabora.

YAH: KUNYIMWA UKUMBI, KUCHUKULIWA SPIKA NA KUITWA WAHUNI KWA WACHANAJI WA ANDAGRAUNDI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni kwa wenye umri wa wazazi wetu, na salamu kwa wengine wote. Mimi ni fundi wa redio na spika, mkazi wa Isevya, baba wa watoto wawili. Mistari naandika tangu niko kidato cha pili, na kwa miaka minne sasa ndiye ninayeratibu kilinge cha wachanaji, yaani wasanii wa rap, wa hapa mjini. Kwa msiokijua kilinge, ni duara la watu waliosimama, maiki moja, biti inatoka kwenye simu, na kila mmoja anachana kwa zamu yake. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa 9 alasiri, chini ya mwembe mmoja mkubwa ambao hata wazee wa mtaa wanasema waliukuta. Wachanaji tuko 23. Wasikilizaji wanakuja na vigoda vyao.

Nimewaandikia barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi Februari, ya pili Mei, ya tatu Agosti. Nakala zangu zote zina mhuri wa kupokelewa. Tuliomba kitu kimoja tu, kukodi ukumbi wa umma alasiri moja kwa mwezi, kwa bei ileile wanayolipa wengine, kwa sababu masika chini ya mwembe hapakaliki. Hakuna barua iliyojibiwa kwa maandishi. Jibu nilipewa kwa mdomo, nimesimama kwenye korido na bahasha mkononi: "Ukumbi si wa wahuni. Hao andagraundi wako wakishakua, walete."

Nilirudi nyumbani nikakaa kimya. Nilidhani ni neno la mtu mmoja aliyeamka vibaya. Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi Oktoba. Saa 11 jioni tulikuwa tunamalizia, mdogo wetu wa mwisho kwenye zamu alikuwa katikati ya ubeti, wakaja mgambo wawili na mtumishi mmoja. Hawakuuliza kiongozi ni nani. Walichomoa waya, wakabeba spika na ampulifaya, wakapakia kwenye bodaboda. Sanduku la spika ile nililiunda mwenyewe kwa mbao za mninga, nikalipiga msasa siku mbili, nikafunga spika ya inchi 12 niliyoilipia kwa miezi mitano. Hatukupewa risiti wala karatasi yoyote. Usiku wa siku hiyohiyo, mtaa wa pili, muziki wa sherehe ulipigwa mpaka saa 7, na hakuna aliyechomolewa waya. Siwaonei wivu wenye sherehe, Mungu awazidishie. Nauliza tu kipimo kilichotumika.

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Nimejifunza kwamba shida yetu na ninyi haikuanzia kwenye spika. Ilianzia kwenye mambo mnayoamini kuhusu rap ya andagraundi, na mengi ya hayo si kweli. Naomba niyataje moja baada ya jingine.

1. Mnaamini andagraundi ni daraja la chini.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo mnivumilie nikilikalia.

Hapa nchini neno hili limepindika. Kijana akisema "mimi bado andagraundi" anamaanisha hajatoka, wimbo wake haujapigwa redioni, hana jina. Prodyuza analitumia hivyo, promota analitumia hivyo, hata mtangazaji akimkaribisha mtu studio anamwita andagraundi kama vile anamwita mwanafunzi wa chekechea. Kwa hiyo nikiwaandikia kwamba sisi ni wachanaji wa andagraundi, mnasoma kwamba sisi ni watu ambao hatujafika popote, na mnajibu: wakishakua, walete.

Maana ya neno hili ndani ya rap ni nyingine. Andagraundi ni namna ya kufanya kazi. Ni muziki unaofanywa nje ya kampuni kubwa za kurekodi na nje ya matakwa ya orodha za redio. Mwenye mistari anabaki na mistari yake. Haambiwi apunguze maneno ili watu wacheze, haambiwi atafute mbana pua, yaani mwimbaji, amwekee kiitikio cha mapenzi, haambiwi aache kuutaja mji wake kwa sababu haujulikani. Anarekodi kwa fedha yake, anauza kwa mkono wake au kwa simu yake, na anasikilizwa na watu wanaosikiliza maneno. Mtu anaweza kuwa hivyo miaka 20 na asitake kabisa kuhama. Dar es Salaam wapo wachanaji kama Nikki Mbishi na Nash MC waliojijengea heshima yao kwa mistari, na hakuna mtu mwenye masikio atakayewaita chipukizi. Katika kilinge chetu yuko kaka mmoja mwenye miaka 41, fundi wa reli, amechana tangu tunanunua kanda za kaseti. Mnasubiri akue awe nani?

Sasa tazameni kosa hili la neno linavyotugharimu. Mwaka jana tuliitwa kwenye tamasha la hapahapa mjini, wachanaji sita. Tulipangwa saa 9 alasiri, watu wanapanga viti, maiki haijapimwa. Mimi ni fundi, niliomba dakika tano nirekebishe ile maiki, nikaambiwa nisiguse. Wageni waliotoka Dar walilipwa na wakalala hoteli, na walistahili. Sisi tulipewa chupa ya maji kila mmoja, tukaambiwa tushukuru, tumepewa jukwaa na tumejitangaza. Mwenzetu mmoja alitoka Sikonge kwa nauli yake. Usiku ule alilala kwangu, mkekani, na asubuhi nikamchangia nauli ya kurudi. Jukwaa haliliwi, waheshimiwa. Aliyefunga mahema siku ile alilipwa, aliyeuza soda alilipwa, na aliyepamba kwa vitambaa alilipwa.

2. Mnaamini ni uhuni, bangi na matusi.

Sitawadanganya. Zipo nyimbo za rap zenye matusi, tena mengine mazito, na mimi mwenyewe sizipigi mbele ya binti yangu. Wapo wachanaji wanaovuta. Katika kilinge chetu walikuwepo wawili, tuliwaambia wachague. Mmoja aliondoka. Mmoja aliacha, na leo ndiye anayetunza daftari la zamu.

Lakini mngefika mara moja tu mngekiona kipande cha boksi tulichokitundika kwenye shina la mwembe, kimeandikwa kwa makapeni: hakuna tusi, hakuna bangi, hakuna pombe, hakuna kumgusa mtu. Anayetukana anatoa shilingi 500 na kupoteza zamu. Fedha hizo zinanunua kaunta buku na kalamu kwa wasionazo. Tangu mwaka uanze tumepata shilingi 3,500 tu za faini, na karibu nusu yake alilipa mtu mmoja.

Na hatukuwa wa kwanza duniani. Mwaka 1989 huko Los Angeles kilianzishwa kilinge kilichokuja kuwa maarufu mno kwenye rap ya andagraundi. Kilikuwa kinafanyika Alhamisi usiku katika mgahawa wa vyakula vya afya ulioitwa Good Life Cafe, na sharti lao kubwa lilikuwa hilohilo, kutotukana kwenye maiki. Waliokuwa wanachana pale walikuja kusifiwa kwa kasi ya ulimi na ufundi wa vina. Aliyeboronga, ukumbi mzima ulimwambia kwa pamoja aipitishe maiki kwa mwenzake. Mchanaji aliyenyimwa tusi analazimika kutafuta neno, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Sisi tulijifunza kwao, na tunashukuru.

Andagraundi maana yake si kujificha. Hatujichimbii mahali. Tunachana mchana kweupe, bibi anayeuza karanga akiwa ndani ya duara.

3. Mnaamini si muziki, ni watu wanaongea tu.

Ofisa mmoja aliniambia hivi kwa upole, na naamini alikuwa anasema anachokiona: "Ninyi mnaongea haraka tu, muziki uko wapi?"

Naomba niwaonyeshe kwa karibu. Biti zetu nyingi zinakwenda mapigo 85 hadi 95 kwa dakika. Kila mstari unakaa ndani ya mapigo manne, na ubeti wa kawaida una mistari 16. Ndani ya mapigo hayo manne mchanaji anapanga silabi zake, anajua ipi iangukie kwenye ngoma nzito na ipi ipite kati, anajua wapi atavuta pumzi bila msikilizaji kugundua. Akizidisha silabi moja anabaki nyuma ya biti kama abiria aliyekosa treni. Ni mizani hiyohiyo mnayoijua kwenye ushairi, ila hapa inahesabiwa na ngoma.

Yupo kijana wa miaka 19 anayetoka upande wa Urambo, baba yake mkulima wa tumbaku. Shule aliishia kidato cha pili. Anakuja na kaunta buku lililokunjwa katikati, kurasa za mbele zina hesabu za mbolea na kuni, za nyuma zina mistari. Siku ya kwanza alisimama akiwa ameliweka kifuani kama ngao, akachana bila kulifungua:

Baba kachoma kuni, kalala bani na moshi,
Robota mizani, shilingi hazitoshi,
Makato yana majina, jina lake halipo,
Kaja na chumvi na sabuni, kasema ndiyo malipo.

Tazameni kuni, mizani na sabuni zinavyoitana kutoka ndani ya mistari, huku moshi inajibiwa na hazitoshi, halipo inajibiwa na malipo. Hakuna aliyemfundisha darasani. Na mtu yeyote wa mkoa huu aliyewahi kukesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akigeuza moto, kisha akasubiri fedha ya msimu mpaka watoto wakarudishwa nyumbani kutoka shule, anajua mistari hiyo minne imebeba nini. Bibi wa karanga alitoa mtandio akajifuta macho. Alinunua soda akampa.

Huyo kijana ndiye aliyekuwa kwenye maiki siku ile waya ulipochomolewa.

4. Mnaamini ni uzungu, ni mambo ya Wamarekani.

Hip hop ilizaliwa Marekani, hilo silikatai. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa disko kwenye jengo walilokuwa wakiishi, ili apate fedha ya nguo za kurudi nazo shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na 50 kwa wavulana. Kaka yake Clive, anayejulikana kama DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, na Herc alikuja na mapenzi ya kwao ya maspika makubwa. Alikuwa anaweka sahani mbili za santuri moja, akirudia kipande cha ngoma ambacho watu walikipenda zaidi, na juu yake watu wakashika maiki. Kama fundi wa spika, habari hiyo naipenda kuliko zote. Muziki ambao leo mnauita uhuni ulianza na dada anayetafuta nguo za shule na kaka anayejua kuunganisha waya.

Lakini kwamba umetoka nje haina maana haukukuta wenyeji. Kuchana kwa kujibizana tunakujua. Bibi yangu mzaa baba, Mnyamwezi wa Uyui, alikuwa ananisimulia jinsi manju wawili walivyokuwa wakitungiana ngomani baada ya mavuno, huyu anamsema yule, yule anajibu, kila mmoja na watu wake nyuma. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kwenda Bagamoyo karne ya 19 walitembea kwa nyimbo, mmoja anatoa mstari, msafara unaitikia. Mathias Mnyampala alitukuzia ngonjera, na shuleni tulisimama wawili wawili tukijibizana kwa vina mbele ya wageni, na ninyi mkapiga makofi. Malumbano ya washairi magazetini, mtu akimfumbia mwenzake na mwenzake akifumbua, yana tofauti gani na kilinge? Labda fulana na kofia.

Na mji huu una historia yake. Hapa ndipo walipotoka Kiko Kids, hapa palikuwa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wazee wetu walicheza dansi la bendi hizo wakiwa wamevaa suti, na leo tunajivunia. Gitaa la umeme halikuchongwa Kanyenye. Rumba ilitoka Kuba ikapita Kongo. Hata hilo neno jazz limetoka Marekani, na hakuna anayesema Tabora Jazz ilikuwa uzungu. Walichukua chombo cha mgeni wakakisemesha lugha ya hapa. Nasi tunafanya hivyo, na lugha yetu ni Kiswahili, na mara mojamoja Kinyamwezi, ambacho watoto wengi wa mjini wanakisikia siku hizi kwenye kilinge tu.

Rap ya Kiswahili yenyewe si ngeni. Saleh Jabir alichana kwa Kiswahili mwaka 1991, Kwanza Unit wakaunda kundi lao mwaka 1993. Ina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaotukataza.

5. Mnaamini tutatukana serikali.

Hapa nitakuwa mfupi. Mchanaji anasema bei ya tumbaku, maji yasiyotoka, dawa zisizokuwepo. Kusema hivyo si kutukana. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, na ilikuwa Rais John Magufuli mwenyewe aliyeagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wachanaji wamekaa bungeni: Joseph Mbilinyi, tunayemwita Sugu, alichaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010, Joseph Haule, Profesa Jay, akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, Mwana FA, aliyepata jina kwa kuchana, aliteuliwa mwaka 2023 kuwa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo. Kama kuchana ni uhuni, basi tuelezwe hawa walihitimu lini uhuni huo.

6. Maneno yenu yanawafikia wazazi.

Tulikuwa na wasichana wanne kwenye kilinge. Sasa yupo mmoja. Baada ya spika kuchukuliwa, habari ilienea mtaani kwamba polisi walivamia kijiwe cha bangi. Haikuwa polisi, haikuwa bangi, lakini mama gani atamruhusu binti yake arudi? Mmoja wao alikuwa na miaka 17, mtulivu, sauti yake nene kuliko yetu sote, alikuwa anaandika kuhusu dada yake aliyeolewa kabla ya kumaliza shule. Nilikwenda kwao kuzungumza na mama yake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Baba, mimi nakuamini. Lakini wakubwa wamesema." Sikuwa na la kumjibu. Yule binti alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, hakunyanyua kichwa.

Hilo naliweka juu yenu, waheshimiwa, kwa heshima zote.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mtasema kelele. Tunatumia spika moja, tunaanza saa 9 na tunafunga kabla ya saa 12 jioni. Kama kuna kipimo cha sauti, tupeni kipimo, mimi ni fundi, nitakiweka na kukibandika kwenye ampulifaya.

Mtasema hatuna usajili. Tuliambiwa hivyo Februari, tukafuatilia, na vyeti vyetu viliambatanishwa kwenye barua ya Mei. Tafadhali fungueni jalada. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na kazi iliyoandikwa humo ni kufufua na kukuza sanaa. Sisi tunaomba tu tusizuiwe kukua.

Mtasema ukumbi una ratiba. Ninapita pale kila siku nikienda kibandani kwangu. Alasiri nyingi za Jumamosi umefungwa kufuli, na mlinzi amelala kivulini.

Mtasema usalama. Katika miaka minne hakujawahi kutokea ugomvi wa kupigana chini ya mwembe ule. Hasira zetu zinaishia kwenye vina. Wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya deni walichanana siku moja kwa dakika kumi, watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na deni likalipwa wiki iliyofuata.

Na mtasema vijana waimbe nyimbo zenye soko. Wanaotaka kuimba Bongo Fleva ya mapenzi waimbe, wapo wanaoimba vizuri sana na tunawapenda. Lakini mji unaohitaji sauti moja tu sijauona.

Tunachoomba ni hiki:

a) Mtujibu barua zetu tatu kwa maandishi. Kama ni hapana, iwe hapana yenye sababu na sahihi.

b) Mturudishie spika na ampulifaya, au mtupe karatasi inayoonyesha zimechukuliwa kwa kosa gani, zipo wapi, na tufanye nini kuzikomboa. Sanduku ni la mninga, limekwaruzwa upande wa kushoto, nyuma nimeandika tarehe niliyolimaliza kwa msumari. Halitawapotea machoni.

c) Mtukodishie ukumbi alasiri ya Jumamosi moja kwa mwezi kwa bei ya kawaida. Hatuombi bure. Tumeshachanga ya miezi mitatu, na mweka hazina wetu ni yule kaka wa reli.

d) Tamasha lolote linaloandaliwa au kubarikiwa kwa jina la mji huu, mchanaji wa hapa akipanda jukwaani awe na makubaliano ya maandishi na malipo, hata yakiwa madogo, na apewe muda wa kupima maiki.

e) Mtamke hadharani, kwenye mkutano wa mtaa au kwa kipaza sauti cha matangazo, kwamba siku ile ya Oktoba hapakukutwa bangi. Hili ni kwa ajili ya wale wasichana watatu na mama zao.

Ombi la mwisho haligharimu kitu. Kilinge kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 9 alasiri, chini ya mwembe uleule. Nimeazima spika ndogo kwa mteja wangu. Nitatoa viti vitatu vyenye migongo kutoka sebuleni kwangu na kuviweka mbele, upande wa kivuli, na havitakaliwa na mtu mwingine mpaka tumalize. Kijana wa Urambo amesema atakuja na atauanza upya ubeti aliokatishwa.

Naomba kuwasilisha.

Mratibu wa kilinge,
kwa niaba ya wachanaji 23,
Isevya, Tabora.